Mwanangu ameniita mpangaji

Shangazi, shikamoo.

Jina langu naomba ulifiche, ila la marehemu baba yangu liandike, kwa sababu bila hilo barua hii haitaeleweka. Baba aliitwa Byamungu. Kwetu ni jina la kawaida kabisa, ni kama kusema mambo ya Mungu. Nilipompata mtoto wa kiume nililiweka mwisho wa majina yake, na hilo jina ndilo linalonitoa machozi sasa.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, mitaa ya Kadutu. Nilifika Dar mwaka 2009 nikiwa kijana wa kufuatana na wafanyabiashara, wenzangu wakarudi, mimi nikabaki. Kazi yangu ni kuwapokea watu wa Lubumbashi na Kolwezi wanaokuja kununua mali Kariakoo. Nawatafutia pa kulala, nawazungusha madukani, natafsiri, nahesabu marobota, nasimama hadi mzigo upande gari la Tunduma. Ofisi iko hatua chache tu kutoka Mtaa wa Kongo. Mgeni akifika mara ya kwanza na kuona jina la mtaa hucheka, huniuliza kama ni mimi niliyekibandika kile kibao.

Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta. Tulioana mwaka 2011, tunaishi Mwananyamala, tuna mvulana wa miaka 12 aliye darasa la sita na msichana wa miaka 7. Sijawahi kuchelewesha ada ya tuisheni wala kodi ya nyumba. Natoka saa 11 alfajiri, narudi saa 3 usiku, na chakula hakijawahi kukosekana.

Wiki tatu zilizopita shule iliita kikao cha wazazi. Kwa kawaida huenda mama yao, lakini alikuwa msibani Morogoro, nikaenda mimi. Nilivaa shati langu la kitenge, maana nilitaka kuonekana mtu. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakawa yananigonga chini ya meza. Mwalimu akauliza nani ana neno, nikasimama. Shangazi, madukani naongea Kiswahili cha hapa bila tabu. Lakini nikiingiwa na wasiwasi, ulimi unarudi Kadutu wenyewe. Nikasema, "Mwalimu, mutoto yangu anasoma muzuri, lakini hesabu njo inamushinda." Wazazi wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nilijua. Mwalimu naye akatabasamu akasema, "Haya papaa, tumekusikia."

Watoto walikuwa wamejazana dirishani. Nikasikia mmoja anamuuliza mwanangu, "Yule Mkongo ni nani wenu?" Akajibu hapohapo, hata hakufikiri: "Mpangaji wetu."

Nilitoka nikampita kama sijasikia. Tulirudi nyumbani kwa njia moja, yeye hatua kumi mbele, mimi nyuma.

Usiku ule akaniletea karatasi ya shule. Walimu wanahakiki majina ya wanafunzi mapema kabla hawajaingia darasa la saba, mzazi asahihishe na kusaini. Akasema anaomba Byamungu itolewe, iwekwe jina la mjomba wake. Ndipo nikajua kwamba shuleni wanamwita Bia. Bia ya Mungu. Akipita wanauliza kama ni ya baridi au ya moto. Kumbe ni tangu darasa la tatu, na mimi sijui.

Huyo mjomba ndiye kipande cha pili. Mwaka jana serikali ilitoa lile agizo la biashara ambazo sisi wageni haturuhusiwi kufanya, na udalali umo. Leseni yangu ilipokwisha haikuhuishwa. Shemeji akajitolea kuchukua leseni kwa jina lake, tuendelee ofisi ileile. Nilimshukuru. Ila sasa Jumamosi anakuja anakaa kwenye kiti changu, mimi nasimama mlangoni na wateja. Nilipomweleza habari ya jina alisema, "Shemeji, usihangaike. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Andika la kwangu, hilo liko hapahapa nchini." Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Baadaye aliniambia mtoto anateseka na jina ni jina tu.

Labda kosa ni langu. Watoto walipokuwa wadogo niliwakataza kuiga Kiswahili changu, wasije wakachekwa. Yule mvulana alikuwa anasema "nakuya" na "aksanti" kama mimi, nikawa namkanya hadi akaacha. Sikutaka apate tabu niliyoipata mimi. Na tangu Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, mimi si mtu wa maneno. Mama yangu yuko kule. Nikirudi kutoka kazini nachukua simu natoka uani, nasikiliza habari kwa waya za masikioni, nampigia kaka yangu, kuna siku anapatikana na kuna siku hapatikani. Watoto wananikuta hivyo. Binti aliwahi kuuliza ndani ya sanduku lililo juu ya kabati kuna nini, nikamwambia ni vitu vya zamani.

Baba alikuwa mvuvi wa sambaza Ziwa Kivu. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanatoka jua likizama, wanawasha taa, na wakipiga makasia wanaimba, sauti unaisikia hadi mlimani. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba sambaza si samaki wa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwagwa kule, na leo ukimwambia mtu wa Bukavu kwamba sambaza ni mgeni atakushangaa. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nimekumbuka tu.

Shangazi, nimwadhibu mtoto kwa kunikana? Nitoe jina? Uraia wa hapa sina, na nikiuchukua naambiwa nipoteze wa kwetu. Kuna usiku nafikiri bora nirudi Bukavu, hata kama kuna vita, angalau kule mtu akisikia Byamungu hacheki. Aksanti kwa kunisoma.

Baba wa Mwananyamala

*

Marahaba, baba wa Mwananyamala. Pole na mama, na Mungu amlinde huko aliko.

Nikuombe radhi kwanza. Nilipofika kwenye neno "mpangaji" nilicheka, peke yangu, na kikombe cha chai mkononi. Halafu nikasoma barua mara ya pili, na safari hii sikucheka.

Mpangaji ni nani hapa Dar? Ni mtu anayetoka alfajiri watoto wamelala. Anarudi usiku. Kodi halazi. Simu zake anaongelea uani ili asisumbue wenye nyumba. Ana sanduku lake juu ya kabati na hakuna anayejua limebeba nini. Haingilii mambo ya watoto. Akipishana na mtu njiani hupita kama hajasikia. Baba, kila kitu hapo nimekitoa kwenye barua yako. Mwanao alitaka kukuficha mbele ya wenzake, hilo ni kweli na limekuuma, ila neno alilolishika kwa haraka hakulibuni. Ndilo alilolikuta karibu.

Kwa hiyo kumchapa, hapana. Utamchapa kwa sababu gani utakayomweleza akaelewa? Kwamba ameona?

Nilipoumia mimi ni pale unaposema ulimkanya asiseme "nakuya". Mtoto wa miaka mitatu, minne, anakuja mbio mlangoni kukupokea na neno ulilompa mwenyewe, wewe unamwambia hilo neno si zuri, aliache. Ulifanya kwa mapenzi, nakuamini. Lakini fikiria alichojifunza. Kabla ya wale watoto wa dirishani, kabla ya mwalimu na "papaa" yake, mtu wa kwanza kumfundisha kwamba namna ya baba yake kusema ni kitu cha kufichwa alikuwa baba yake. Yeye amelishika somo vizuri. Amekuficha.

Na kisa cha sambaza! Umenipa mimi, bibi mmoja wa Ilala usiyenijua, mitumbwi mitatu, miti mirefu, taa na nyimbo usiku ziwani. Nimebaki nawaza sauti ya wale wavuvi siku mbili nzima. Je, mwanao umempa? Nimetafuta kwenye barua yako yote mahali ulipomwambia mtoto jambo lolote kuhusu Byamungu, sikupaona. Nimeona ada, kodi na chakula. Sasa mtoto wa miaka 12 unamtaka abebe jina la mtu asiyemjua, abebe na matusi yake, kila siku, mapumziko ya saa 4 na ya mchana, tangu darasa la tatu. Hata mimi ningeomba nipewe la mjomba. Mjomba anamjua.

Kwa hiyo leo usiku, au Jumapili ukiwa nyumbani, lishushe lile sanduku. Waite wote wawili, yule binti ndiye aliyeuliza kwanza, awe mbele. Sijui umeweka nini humo. Kama kuna picha ya mzee, itoe ipite mkononi mwao. Kama kuna shati lake, wanuse. Simulia kwa Kiswahili cha Kadutu, na hapo nakusisitizia. Mvuvi wa Kivu ukimsimulia kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio hatasimama. Sema mutumbwi, sema muzee, sema njo vile. Wakicheka, cheka nao. Sisi watu wa pwani tunacheka kila lafudhi, tunamcheka Mchaga, tunamcheka Msukuma, na hao hawakuacha kusema. Kiswahili chako si Kiswahili kilichoharibika. Kule kwenu ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na watu wanazaliwa, wanaoana na kuzikana kwacho.

Kuhusu kunikana, au tuseme kukukana, mwambie ulisikia. Usimwache aishi na wasiwasi kama ulisikia au hukusikia, maana anao, hatua zile kumi mbele zilikuwa za mtu mwenye wasiwasi. Mwambie mkiwa wawili, labda mkitembea, maana watoto wa kiume wa umri huo huongea vizuri zaidi wasipotazamwa usoni. "Siku ile ya kikao nilisikia uliponiita mpangaji. Iliniuma. Na habari ya Bia sikuijua, ungeniambia ningekuja shule mapema." Kisha nyamaza. Usimalizie na hotuba ya mangapi umemfanyia. Akilia, mwache. Akinyamaza, mwache pia.

Halafu Jumamosi moja mchukue umpeleke Kariakoo. Nimejiuliza, huyu mtoto amewahi kukuona kazini? Maana yeye anakufahamu pale tu unapokuwa mdogo: kwenye dawati lisilokutosha, mlangoni umesimama shemeji kaketi, uani na simu. Hajawahi kukuona umempokea mama wa Lubumbashi mwenye mabegi manne asiyejua neno la Kiswahili cha Dar, ukamgeukia kwa Kifaransa, ukamgeukia mwenye duka kwa Kiswahili cha Kariakoo chenye kila utani wake, ukamwita kuli, ukahesabu marobota kwa macho ukajua moja limepungua. Mpe daftari awe anaandika namba za mizigo. Hesabu si njo inamushinda? Hapo ataipata. Mchana mnunulie chipsi kuku, na njiani mwoneshe kile kibao cha mtaa.

Mkiwa hukohuko Kariakoo, mwambie pia kwamba si wewe wa kwanza. Wamanyema walifika mjini hapa na misafara ya karne ya 19, kutoka upande wenu huohuo wa mashariki ya Kongo. Wakajenga, wana msikiti wao palepale, na leo ukitaka kumwambia Mmanyema wa Kariakoo kwamba yeye ni mgeni wa Dar, uwe na mbio. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, kwenu Kongo, mwaka 1947, akaja Dar mwaka 1978 kupiga muziki, akafariki hapahapa Desemba 2010. Makonda wa daladala za Sinza hadi leo wanaita kituo "Kwa Remmy", na abiria wengine wanaoshuka pale hawajui hata alikuwa nani. Babu yangu mzaa baba alitoka Songea akawa kuli bandarini. Nyumba tatu za mtaa wetu zilimwita "yule Mngoni" hadi anazikwa, na ni katika mazishi yake ndipo nilipowasikia wanamwita mzee wa mtaa. Angalau ningependa angelisikia akiwa hai.

Sasa karatasi ya shule. Usitoe jina. Sisemi hivyo kwa heshima ya wazee tu. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, bila shaka chenye majina yote matatu. Jina la mtihani wa darasa la saba humfuata sekondari, linaingia kwenye vyeti, na siku atakapokwenda kutafuta kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria, kila karatasi inayosema tofauti na nyingine itamgharimu safari, viapo na nauli. Kwa mtoto ambaye baba yake si raia, karatasi zinazopishana ni maswali mara mbili. Yeye ni Mtanzania, amezaliwa hapa na mama Mtanzania, lakini ofisa wa dirishani ataangalia karatasi. Akifika utu uzima akaamua kweli kulibadili, sheria ina njia yake na atakuwa ameamua akiwa anamjua aliyemwacha. Mweleze hivyo hivyo kama mtu mzima mwenzako. Anaweza.

Na nenda shule. Safari hii usingoje kikao. Mwone mwalimu wa darasa, mweleze habari ya Bia. Walimu wengi hawajui wanachoitana watoto uani, ila wakiambiwa wanaweza kuikomesha ndani ya wiki. Vaa shati lile lile.

Nije kwa shemeji yako, na hapa nitasema mawili yasiyofanana.

La kwanza, hajakosea kuhusu mila. Kwa Waluguru ukoo hufuata kwa mama, na mjomba ana sauti juu ya wapwa zake. Hakulibuni siku ile ili akunyang'anye. Ulipooa Mgeta uliingia humo, labda bila kuambiwa, maana kwenu mtoto ni wa baba na hukuwa na sababu ya kuuliza. Kwa hiyo usimpige vita huyu bwana. Watoto wanaweza kuwa wa ukoo wa mama yao na wakaitwa wana wa Byamungu. Waluguru wangapi tunawajua hapa mjini wenye majina ya baba zao na hakuna ukoo uliopungua? Mweleze hivyo kwa upole, mbele ya mkeo. Zaidi ya hapo, kama kuna mzee wa upande wa mkeo mwenye busara, baba mkwe au mjomba mkubwa, mpelekee yeye neno hili kabla ya wewe na shemeji hamjakwaruzana. Wazee wa Uluguru wameyaona haya ya wakwe kutoka mbali, wewe hukuwa wa kwanza.

La pili, ile leseni inanitisha. Agizo la tarehe 28 Julai 2025 lilitaja biashara 15, na udalali na uwakala, kama usemavyo, vimo, na kutoa mizigo forodhani vimo pia. Linamgusa asiye raia anayefanya, tena linamgusa na raia anayemsaidia kufanya. Leseni iko kwa jina la shemeji, kazi ni yako, wateja ni wako: hiyo ndiyo picha hasa wanayoitafuta. Ukikamatwa si faini tu, kibali cha ukaazi kinaondoka, na wewe na watoto wako mnatenganishwa na karatasi. Naye shemeji aliyekufanyia wema anaingia matatani. Mimi si mwanasheria. Mtafute wakili anayejua mambo ya uhamiaji, mwende wote wawili na mkeo, muulize kama biashara inaweza kuwa ya mkeo kweli, si kwa jina tu, na wewe ukaajiriwa kwa vibali vyote viwili, cha kazi na cha ukaazi. Akisema haiwezekani, mwulize kipi kinawezekana. Hii kazi ya kujificha nyuma ya shemeji ndiyo pia inayokusimamisha mlangoni kila Jumamosi, na mtoto hana haja ya kuambiwa, anaiona.

Uraia ni jambo lako na moyo wako, sitakusukuma. Ila nikufahamishe uliyoniulizia nusu. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 imemwekea njia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa njia hiyo. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote, na hapo huangaliwa miaka aliyoishi nchini, tabia, na kama anajua Kiswahili au Kiingereza. (Kiswahili! Wewe utafaulu, hata kama watacheka.) Nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Kongo vilevile. Kwa hiyo ndiyo, utaacha kimoja ukitaka kingine. Unaweza pia kuishi hadi uzee kwa kibali, wapo wengi. Lisilofaa ni hili la sasa, la kukaa miaka 16 na zaidi sanduku likiwa juu ya kabati kama mtu anayesafiri kesho.

Kurudi Bukavu wakati huu usiniambie tena. Unataka kwenda mahali watu hawacheki jina la baba yako, na hapa uache watoto wawili ambao hawajapata hata kulijua.

Ila habari za huko usizisikilizie uani. Watoto wanaona baba ana simu usiku, uso umebadilika, hawajui kwa nini. Mvulana wa miaka 12 anaweza kufikiri mengi, mengine mabaya kuliko vita. Waambie, bibi yenu yuko Bukavu, mji umetekwa, nampigia baba yenu mkubwa nijue kama wamelala salama. Kaka yako akipatikana, washa spika. Mwache mama yako asikie sauti za wajukuu. Kama mvulana hajui cha kusema, mfundishe maneno mawili tu ya Kimashi, lugha ya kwenu, ya salamu. Nina hakika yule bibi hatayasikia makosa.

Mkeo sijamsahau. Alisema jina ni jina tu, na pengine unamkasirikia. Mimi nadhani yeye ndiye aliyekuwa anafuta machozi ya Bia tangu darasa la tatu, peke yake, bila kukuambia, kwa kuwa ulikuwa na Bukavu yako uani. Alikuwa anachambua mchele asiangalie juu. Mwanamke anayekubaliana na jambo huangalia juu. Mwulize, na usimwulize mbele ya kaka yake.

Na siku ya kushusha sanduku, pikeni sombe. Najua sisi tunaiita kisamvu na mkeo anatia nazi. Mwombe siku hiyo apike kama mama yako anavyopika, au ingia jikoni wewe. Sambaza wa Kivu sokoni kwetu sijawaona, ila dagaa wa Kigoma utawapata, na kwa kisa chako mwenyewe, hao ni ndugu zao wa damu.

Niandikie ukimaliza. Sikufichi, ninachotaka kujua zaidi ni kilichokuwamo kwenye lile sanduku.

Shangazi